Kichwa changu mikononi mwa Bibi wa Moa

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kuumwa kipanda uso, mshukuru Mungu kwanza halafu ndiyo uendelee kusoma. Mimi kilinianza mwezi wa pili. Kinaanzia nyuma ya jicho la kushoto, kinapanda utosini, kinashukia shingoni, na kikishafika hapo kinakaa kama mpangaji asiyelipa kodi. Nimemeza vidonge mpaka muuza duka la dawa mtaani kwetu akawa ananifungia kabla sijasema kitu.

Wajanja wa mjini wakanishauri. Mwenzangu mmoja wa ofisini akanielekeza sehemu fulani hapa hapa Dar, nyumba nzuri, kiyoyozi, muziki wa maji yanayotiririka. Nikalazwa chali na nguo zangu, dada mmoja akakaa kichwani kwangu, akanishika fuvu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika yai bichi. Hakuchua, hakubonyeza, hakunyoosha kitu. Saa nzima ametulia tu. Nilikoroma, bwana, siwezi kusema uongo.

Nilipoamka nikapewa majibu. Eti mifupa ya kichwa changu imekwama, haipumui, natakiwa nirudi mara 12 na pesa zote nilipe mbele. Nikaambiwa pia tiba hiyo hiyo inamaliza presha, kisukari na hata ugumba. Hapo ningeshtuka, lakini mtu anayeumwa kichwa hashtuki haraka. Nilikwenda mara tatu. Kila nikitoka pale kichwa chepesi, nalala vizuri, kesho yake saa nne asubuhi jamaa amerudi. Mara ya nne sikwenda kwa sababu moja tu: mshahara ulikuwa umekata.

Ndipo shoga yangu mmoja, mzaliwa wa Moa, aliponicheka mpaka machozi. "Yaani umelipa pesa zote hizo kwa kushikwa kichwa? Dada yangu kajifungua, arobaini ni Jumamosi. Twende kwetu. Kuna bibi yangu anakanda watu tangu mama yangu hajazaliwa, na hataki mara 12 huyo."

Safari ikaiva.

Kwa asiyepajua, Moa ipo kwenye pwani ya kaskazini kabisa ya Tanga, wilaya ya Mkinga, jirani na mpaka wa Kenya. Ukifika Tanga mjini unatafuta gari la Horohoro. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kula vumbi, lakini barabara ya Tanga hadi Horohoro, kilomita 65 hivi, ilishawekwa lami kwa msaada wa Wamarekani, kwa hiyo unapita Amboni na mashamba ya mkonge huku unasinzia kwa raha zako. Balaa linaanza ukishaacha lami. Hapo ni bodaboda, mchanga, minazi, mibuyu na upepo wenye harufu ya chumvi. Shoga yangu alikuwa amepakia boksi la soda mapajani. Mimi nilikuwa nimepakia kichwa changu tu, na kilikuwa kizito kuliko hilo boksi.

Moa si mji wa kupigia picha za kutambia. Ni kijiji cha Wadigo na Wasegeju, watu wa uvuvi, mikoko na minazi. Ngalawa zimelala ubavu maji yakitoka, watoto wanafukuza kaa, wanawake wanarudi na ndoo kichwani. Ng'ambo kidogo tu kaskazini ni Vanga, Kenya, na watu wameoana huku na huko tangu mpaka haujachorwa. Ukisema "nakwenda kwa shangazi" usishangae shangazi mwenyewe akawa nchi nyingine.

Tulifika Ijumaa alasiri. Bibi tulimkuta barazani amekaa kwenye mkeka anachambua mchele wa shughuli.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wajukuu zangu, karibuni. Na huyu mwenzio mbona jicho moja dogo?"

Msomaji, sikuwa nimesema neno lolote. Amenitazama tu kutoka kwenye ukingo wa baraza na tayari ameona jicho la kushoto.

Baada ya magharibi akaniita chumbani. Taa ndogo, mkeka, kitambaa, kibakuli cha mafuta ya nazi yaliyopashwa kidogo. Nikajua sasa naonja dozi. Nilikuwa nimesikia hadithi za wakandaji wanaopanda mgongoni mwa mtu mpaka mifupa ilie kama kuni. Nikakaza meno.

Kumbe wapi. Bibi alinilaza kichwa mapajani mwake, akasema bismillahi, akaweka viganja viwili masikioni mwangu, akanyamaza. Mikono mikavu, migumu kwa miaka ya kukuna nazi, lakini haina uzito. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha vidole vikaanza kutembea polepole nyuma ya kichwa, pale fuvu linapokutana na shingo, vikisimama kila vinapokuta kifundo. Havisukumi. Vinasubiri. Kifundo kikilegea vinasogea mbele.

Nikajisemea moyoni: lakini haya si ndiyo yale yale niliyolipia Dar?

Karibu ni yale yale, na hapo ndipo nataka tuzungumze kidogo, maana vijana wengi wa mjini wanauziwa kitu hiki bila kujua kilikotoka.

Ile tiba ya kushikwa kichwa kwa wepesi ilianzia Marekani. Mwanzilishi wake ni William Garner Sutherland. Mwaka 1899 alikuwa mwanafunzi huko Kirksville, jimbo la Missouri, katika chuo cha wale matabibu wanaotibu kwa kunyoosha mifupa na misuli. Siku moja akalitazama fuvu lililotenganishwa vipande, akaona mfupa wa upande wa sikio umechongeka ukingoni. Likamjia wazo kwamba umekaa kama mashavu ya samaki, basi lazima na wenyewe ni wa kupumua. Wazo hilo halikumwachia. Alijifunga kichwa chake mwenyewe kwa mikanda na kofia za kubana ili aone mifupa ikizuiwa itakuwaje, na mwaka 1939 akatoa kitabu chake.

Miaka ya 1970 akaja mwingine, John Upledger, akaifanya tiba hiyo ijulikane duniani. Yeye alifundisha kwamba yale majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yana mapigo yake, na kwamba mkono uliofundishwa unaweza kuyasikia na kuyarekebisha kwa mguso wa gramu 5 tu, uzito mdogo kuliko kijiko cha chai cha sukari kilichofurika. Mwaka 1985 akafungua taasisi yake Florida, na kutoka hapo ikasambaa Ulaya na kwingineko mpaka imetufikia sisi.

Majimaji yenyewe ni ya kweli. Mtu mzima ana kama mililita 150 hivi kwa wakati mmoja, na mwili unatengeneza karibu nusu lita kwa siku, ya zamani inanyonywa, mpya inaingia. Ubishi uko kwenye hayo mapigo. Watafiti waliwachukua wataalamu tofauti wakawapa mgonjwa yule yule wamhesabu, kila mmoja akaja na hesabu yake. Na mifupa ya kichwa cha mtu mzima imeshikana kwa nguvu, si ya kusogezwa kwa gramu 5. Kwa hiyo mtu akikwambia fuvu lako limekwama na yeye analikwamua, hapo anakupa hadithi, hata kama mikono yake ni mizuri.

Lakini mbona nililala? Mbona kichwa kilikuwa chepesi? Hilo halihitaji mifupa kupumua. Mtu amelala kimya, taa ndogo, simu imezimwa, mkono wa mwenzake unamshika bila haraka: misuli ya shingo inalegea, pumzi inashuka, moyo unatulia. Si kitu kidogo hicho. Wangapi wetu mjini tunaguswa na mtu asiye na haraka?

Turudi Moa. Nilipoamka ilikuwa usiku mkubwa na Bibi alikuwa ananifunika kanga. Kichwa kimetulia tuli. Nikaanza kumimina shukrani, nikamuuliza nitoe shilingi ngapi na nirudi lini.

"Kesho leta sukari kilo moja kwa shughuli," akasema. "Na usirudi."

Nikashtuka. "Kwa nini Bibi?"

"Mkono wangu utakulaza, haukuponyi. Wewe kazi yako nini?"

Nikamwambia: kompyuta, kutwa, na usiku simu.

"Nilikuona ukisoma jina kwenye boksi la soda. Unakunja uso kama unayetazama jua. Macho ushapimwa?"

Sijawahi. Miaka 27 sijawahi kupimwa macho hata siku moja.

"Basi mimi nikukande shingo kila siku, na kila siku jicho liikaze tena? Si nitakuwa nateka maji kwa pakacha? Kapime macho kwanza."

Jumamosi ikawa arobaini. Shoga zangu, mambo yalikuwa bomba. Pilau, samaki wa nazi, kaswida, akina mama na kanga za sare. Mzazi akatolewa nje, amenawiri, ngozi inang'aa mafuta. Siku zote 40 Bibi alikuwa akimkanda miguu, mgongo na mabega, akinyweshwa uji wa pilipili manga, tumbo limefungwa mkaja. Nikamuuliza mzazi ni nini kilimfaa zaidi katika yote hayo. Akafikiri kidogo akasema: "Ile kwamba kila siku saa kumi kuna mtu anakuja kuniuliza mimi nimeamkaje. Wengine wote walikuwa wanamuuliza mtoto."

Na mtoto je? Najua kuna wanaomfinyanga mtoto kichwa baada ya kuzaliwa ili kiwe cha mviringo. Bibi hakufanya. Akaniambia mamake alikuwa anafanya, yeye ameacha, kwa sababu alishaona kichwa kikijirudi chenyewe kikiachwa. Na wataalamu wanasema hivyo hivyo: mifupa ya kichwa cha mtoto hupandana wakati wa kupita njia ya uzazi, halafu ndani ya siku chache hujipanga yenyewe. Kumfinyanga mtoto hakumsaidii, na kunaweza kumuumiza.

Jua lilipoanza kuzama, watu wanaosha masufuria, akaingia mama mmoja kijana wa jirani mbio mbio na mtoto begani. Mtoto wa miezi minane. Analia bila sauti, unaona mdomo unafunguka tu. Mama mtu anahema: "Bibi nisaidie, utosi wa mwanangu umeingia ndani. Nimeambiwa nije umkande uinuke."

Wote tukanyamaza. Mimi nilitegemea kuona kibakuli cha mafuta kikiletwa.

Bibi akanawa mikono, akampakata mtoto. Akapitisha kidole kimoja utosini, wepesi ule ule niliousikia kichwani mwangu jana yake. Kidole kikashuka kama kwenye kisahani. Akafinya ngozi ya tumbo kidogo akaiachia, ikachelewa kurudi. Akautazama ulimi. Akauliza: "Anaharisha tangu lini?"

"Tangu juzi. Leo anatapika pia. Hata kukojoa hajakojoa tangu asubuhi."

Bibi akamrudishia mtoto mikononi. Akanyanyuka, mwanamke wa umri ule, akatoka mpaka uani akapaza sauti: "Nani ana pikipiki hapa? Zahanati, sasa hivi!"

Yule mama akaanza kulia. "Bibi, si umkande tu kidogo kwanza?"

"Mwanangu, utosi ni dirisha. Mimi naona kwa dirishani kwamba nyumba haina maji. Nikipaka mafuta dirisha, maji yataingia? Nenda. Njiani mpe ziwa, kila akikubali mpe."

Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa hajamaliza hata sahani yake ya pilau, akawasha. Shangazi mmoja akapanda nyuma. Wakatokomea kwenye minazi.

Usiku ule hakuna aliyecheza ngoma. Tulikaa barazani. Nikamuuliza Bibi ilikuwaje akawa na uhakika namna ile. Alichukua muda kujibu. Akasema zamani, akiwa bado mwari wa kazi hiyo, aliletewa mtoto wa namna ile ile. Alimkanda utosi kwa upole, akabandika dawa ya majani aliyofundishwa, akamrudisha kwao. "Alikuwa ametulia mikononi mwangu, nikadhani nimemponya. Kumbe alikuwa amechoka." Hakuendelea, na mimi sikuuliza.

Msomaji, hilo neno lilinikaa. Mkono mwepesi unaweza kumtuliza mgonjwa mpaka mkadhani amepona. Kwangu mimi hasara ilikuwa mshahara. Kwa mtoto wa miezi minane hasara ni nyingine.

Elimu yenyewe si ngumu, na kila kijana anayetarajia kuwa mzazi aichukue. Utosi wa mbele wa mtoto hubaki laini kwa muda mrefu, kwa watoto wengi hufunga kati ya miezi 12 na 18. Ule mdogo wa nyuma hufunga mapema, kwenye miezi miwili hivi. Utosi ukibonyea kwa mtoto anayeharisha au kutapika, ina maana maji ya mwili yamepungua. Ukivimba na mtoto ana homa au amelegea, hiyo nayo ni hatari ya kukimbilia hospitali. Hakuna mkono wala jani linaloinua utosi. Kinachouinua ni maji: maziwa ya mama, na ile ORS, unga wa pakiti unaochanganywa na maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa, pamoja na vidonge vya zinki ambavyo mtoto hupewa kwa siku 10 hadi 14. Akiwa amezidiwa, ni dripu, na hiyo si ya nyumbani.

Jumapili asubuhi, tukiwa tunafunga mizigo, pikipiki ikalia nje. Shangazi ameshuka, macho mekundu kwa kukesha, lakini anacheka. Zahanati waliwapokea, wakamsogeza mtoto mbele akapate dripu, na alfajiri alikuwa amekojoa. Amekojoa! Sijawahi kuona watu wazima wakishangilia mkojo kama uwanja mzima umepata bao. Bibi alisema alhamdulillahi mara moja, akaendelea kufagia.

Nilirudi Dar, na wiki ile ile nikaenda kupima macho. Mimi huyu wa kutambia macho makali, kumbe la kushoto lilikuwa linafanya kazi peke yake kama kibarua. Nimepewa miwani. Kipanda uso hakijahama kabisa, ila sasa kinakuja kama mgeni wa Idi: kwa msimu, na kinaaga. Na simu siku hizi inalala sebuleni.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi usikandwe. Ukimpata mtu mwenye mkono mtulivu, iwe Masaki kwenye kiyoyozi au Moa kwenye mkeka, nenda kapumzishwe, haki yako. Lakini weka akili mfukoni. Hapa kwetu ipo sheria ya tiba asili na tiba mbadala, ya mwaka 2002, na lipo baraza linalosajili hawa watoa huduma, kwa hiyo muulize mtu cheti chake cha usajili bila aibu. Anayekwambia anatibu kila kitu, aga ukanywe soda. Anayetaka ulipe mara 12 kabla hujajua unaumwa nini, aga pia. Na kichwa kikikupiga ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuisikia, au kikija na homa na shingo ngumu, au baada ya kuanguka, au mkono na mguu vikifa ganzi, usitafute mkandaji wala usisubiri asubuhi. Hospitali.

Mimi kipimo changu sasa ni kimoja, nimekipata barazani Moa. Nikikaa mbele ya mtu anayetibu namuuliza: "Ni ugonjwa gani wewe huuwezi?" Akianza kucheka na kujisifu, nachukua mkoba wangu. Akinitajia upesi upesi bila kuona haya, kama Bibi, basi kichwa changu nampa akishike.

Shoga yangu ananiambia Bibi anauliza: yule wa jicho dogo anaendeleaje? Nimemtumia sukari kilo mbili.